Baraza ya Nyumba: Historia ya Fasi Moja ya Kukaa Katika Mji wa Kalemie

Tunapozungumza juu ya mila zetu, kwa kawaida tunakimbilia ngoma, ndoa, majina na matambiko. Ni vizuri. Lakini kuna kitu kimoja ambacho kila mmoja wetu amekikalia tangu utoto, na karibu hakuna anayekiandika: baraza ya nyumba. Katika kurasa hizi tunataka kueleza ilitoka wapi, iliingia namna gani katika malupango yetu, juu ya nini ilijengwa vile ilivyojengwa, na kwa nini leo tunaiona inazibwa matofali kila mtaa. Wanafunzi wetu wanaweza kutaja milima ya Ulaya na mito yake, lakini ukiwauliza kwa nini paa la nyumba ya babu yao lilishuka chini kiasi cha mtu mrefu kuinama akiingia, wanacheka tu.

Tuanze na neno lenyewe. Ndugu zetu wa ng'ambo, Kigoma na Ujiji, wanasema baraza la nyumba, kama vile wanavyosema Baraza la Mawaziri. Hata chombo kinachosimamia lugha kule Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1967, kinaitwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Sisi hapa tunatofautisha. Ikiwa ni wazee wamekaa kukata maneno, ni baraza la wazee. Ikiwa ni fasi ya kukaa mbele ya mlango, ni baraza ya nyumba. Darasani tunaisahihisha kwa bik nyekundu, tukitoka nje tunaisema wenyewe. Wabelgiji nao walilichukua neno hili wakaliingiza katika Kifaransa chao cha Kongo: waliandika «barza» wakiwa na maana ya veranda, na mwenye kusoma vitabu vya wakoloni atalikuta mara nyingi. Neno lilitoka kwetu, likarudi limevaa viatu.

Lakini kitu chenyewe ni cha zamani kuliko neno. Kabla ya watu wa pwani kufika, wenyeji wa kando ya ziwa walikuwa na kibanda kisicho na kuta, paa la nyasi juu ya nguzo, katikati ya kijiji. Upande wa kusini, kwa Watabwa na ndugu zao Wabemba wa Zambia, jina lake ni nsaka. Upande wa kaskazini, kwa Wabembe wa Fizi, ni lubunga. Wanaume walikula pale, walipokea wageni pale, walikata kesi pale, na kijana alijifunza pale namna ya kunyamaza mkubwa akisema. Wanawake walikuwa na fasi yao nyuma, chini ya ukingo wa paa la jiko. Tushike hii habari ya mbele na nyuma, kwa sababu tutairudilia.

Baraza iliyoshikamana na nyumba, yaani paa la nyumba linalopanuliwa mbele ya ukuta na kushikwa na nguzo, juu ya sakafu ya udongo iliyoinuliwa, ilitujia pamoja na nyumba ya pembe nne ya watu wa pwani. Ujiji ilikuwa soko lao kubwa. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliwakuta Waarabu wameshazoea kufanya biashara pale. Na baraza inayojulikana zaidi katika historia ya ziwa letu ni ya Ujiji pia. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone, hawakuingia ndani. Mzee alimwongoza kwenye sakafu ya udongo iliyoinuliwa chini ya ukingo mpana wa paa. Stanley ameandika kwamba Livingstone alikuwa na kiti chake maalumu pale: mkeka, juu yake ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani nyuma ya mgongo wake, ili asiguse ubaridi wa udongo. Tunawasomea wanafunzi habari ya mkutano huo kila mwaka, na kila mwaka wanashika maneno ya salamu tu. Sisi tunapenda ile ngozi ya ukutani. Mtu aliyeishi miaka mingi katika nchi ya joto na unyevunyevu anajua kwamba adui si jua peke yake. Ukuta wa udongo unakunywa maji ya masika, na mgongo wa mzee unayasikia.

Kutoka Ujiji watu wa pwani na waungwana wao walivuka ziwa, wakatua Mtowa, kaskazini mwa mji wetu wa leo, wakaendelea paka Kasongo na Nyangwe. Nyumba ya pembe nne ikafuata njia hiyohiyo, na Kiswahili pia. Hapa tuseme bila kuficha: ilikuja pamoja na biashara ya pembe na ya watu. Wenye kujisifu kwamba baraza ni alama ya ustaarabu wakumbuke kwamba mazungumzo ya biashara yalifanyika barazani, na biashara ilikuwa ile.

Wazungu walipokuja kujenga, walikuwa na hofu nyingine. Storms alianzisha kituo cha Mpala mwaka 1883, akakiacha kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Kapteni Jacques alianzisha ngome ya Albertville mwaka 1891, akaipa jina la mtoto wa ukoo wa kifalme aliyekuja kuwa Mfalme Albert mwaka 1909. Wakati huo waganga wa Ulaya walikuwa bado wanafikiri kwamba malaria inatoka katika hewa mbaya inayopanda kutoka udongo wenye maji. Ross alionyesha mwaka 1897 tu kwamba vimelea vya malaria vinakua ndani ya mbu. Kwa hiyo Mzungu wa zamani aliinua nyumba yake juu ya nguzo, mbali na udongo, na kuizungushia veranda pande zote. Sababu yake ilikuwa ya uongo, lakini nyumba ilitoka nzuri: hewa ilipita chini, mchwa walionekana kabla hawajafika juu, na kuta hazikupigwa na jua. Sultani Barghash wa Unguja, ambaye hakuhitaji somo la joto kutoka kwa mtu, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 kwa mtindo huohuo wa baraza pana ghorofa baada ya ghorofa. Sehemu ya jumba hilo ilianguka Desemba 2020.

Reli ya Kabalo ilifika kwetu mwaka 1915, na mji ukaanza kupanuka kwa kweli. Nyumba za wakubwa wa reli na za serikali zilipata baraza za simenti nyekundu iliyopigwa nta, na nyavu za mbu. Kuhusu baraza hizo wazazi wetu walikuwa na kumbukumbu moja: ngazi. Mweusi aliyekuja na barua, au na samaki wa kuuza, alisimama chini ya ngazi na kofia mkononi, na mazungumzo yakafanyika hivyo, mmoja juu, mmoja chini. Usiku hakuwa na ruhusa ya kuzunguka mtaa wa Wazungu. Kwa hiyo wakoloni waliiba neno la watu wanaokaa pamoja, wakaliweka juu ya kitu cha kutenganisha watu. Hatuoni mfano mzuri zaidi wa kufundisha ukoloni ni nini, na hauhitaji ramani.

Katika kambi za wafanyakazi, za reli na baadaye za Filtisaf, kiwanda cha nguo, nyumba zilipangwa mistari kama viti vya shule. Paa lilitoka nje ya ukuta kidogo tu, kiasi cha kuzuia matone. Waliokaa ndani waliongeza wenyewe: miti minne, matete, udongo wa kichuguu uliokanyagwa na kulainishwa. Hivyo ndivyo baraza ya Kalemie ilivyozaliwa, ikiwa na damu ya nsaka, ya Ujiji na ya kambi.

Sasa tuingie katika kazi ya fundi, kwa maana hapa ndipo kuna akili ambayo hatutaki ipotee.

Mji wetu uko karibu digri 6 kusini mwa ikweta, na ziwa liko mashariki. Jua linapita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Saa sita mchana paa dogo linatosha, kivuli kinaanguka chini kama maji. Shida ni jua la asubuhi na la jioni, lile linaloingia kwa ubavu. Hesabu yake mwanafunzi yeyote wa jiometria anaweza kuifanya: jua likiwa digri 45 juu ya upeo, kiasi cha saa tisa alasiri, paa ambalo ukingo wake uko mita 2 kutoka sakafuni linahitaji kutoka mita 2 mbele ya ukuta ili kivuli kifike paka chini ya ukuta. Chini ya hapo, ukuta unaiva, na usiku unawatemea joto wenye kulala. Ndiyo sababu wazee walishusha ukingo. Hawakuwa wafupi! Ukingo wa chini ni sawa na mita nyingine ya upana, na hauli mbao. Fundi wa leo anayepandisha paa la baraza mita 3, ati nyumba iwe na heshima, halafu anaipa upana wa mita moja na nusu, amejenga pambo.

Halafu kuna upepo. Mchana, nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa baridi ya ziwani inakuja kuchukua fasi yake. Usiku inageuka: upepo unashuka kutoka vilima kuelekea ziwani. Wavuvi wa ndagala wanaujua vizuri upepo huo, ndio unaowasukuma kwenda kazini na taa zao. Sasa chukua nyumba iliyotazama ziwa, yenye baraza mbele na baraza nyuma. Asubuhi baraza ya nyuma, upande wa magharibi, iko kivulini. Mama anachagua ndagala na kuchambua sombe bila jua la machoni. Alasiri jua limehamia nyuma, na baraza ya mbele imepata kivuli na upepo wa ziwa pamoja. Wageni wanapokelewa pale. Usiku upepo wa vilima unarudi nyuma. Nyumba ina mlango wa mbele na wa nyuma vinavyotazamana, hewa inapita kama katika filimbi. Watu wanahama ndani ya nyumba moja, kufuata saa. Hakuna mashine iliyohitajika, wala umeme, ambao katika mji wetu ni habari nyingine.

Sakafu. Udongo wa kichuguu ulikuwa mzuri lakini ulitaka mikono: kila baada ya muda mama na mabinti waliupaka upya. Simenti ilipokuja, hata ile ya Kabimba, wengi waliimwaga moja kwa moja juu ya udongo, na ndiyo maana sakafu hizo zinatoka jasho wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Mafundi wazuri tuliowauliza wanakubaliana: kwanza mawe, kiasi cha sentimita 20, halafu mchanga mkubwa au kokoto, halafu karatasi ya plastiki nzito, ndipo simenti. Mawe hayapandishi maji. Udongo unapandisha kama utambi wa taa. Sakafu iinuliwe nusu mita juu ya uwanja, na ielekee nje sentimita 1 au 2 kwa kila mita, ili mvua ya upepo iondoke yenyewe isije kulala mlangoni.

Wengine, hasa watu wa ufukweni wanaopata mbao za mitumbwi iliyochoka, wanapendelea sakafu ya mbao. Inawezekana, na mguu unaipenda. Lakini mbao zinataka hewa chini yake, na nafasi ya unene wa penseli kati ya ubao na ubao, kwa maana zinavimba kwa mvua. Ukizibana zinainuka na kuvunja misumari. Nguzo isizikwe kamwe katika udongo. Iketi juu ya jiwe au kizingiti cha simenti, mahali ambapo macho yanaweza kuona barabara ya mchwa. Mti bora ni mulombwa, ule moyo mwekundu wa ndani, si nyama nyeupe ya nje ambayo mchwa wanaila kama bukari. Siku hizi mulombwa ni bei, watu wanatumia mkalitusi uliopakwa mafuta ya vidange. Mafuta yale yanasaidia kidogo, lakini hatupendi kuyaona fasi watoto wanapotambaa na ndagala wanapoanikwa, kwa sababu ni sumu.

Juu, mabati. Nyasi zilikuwa baridi lakini ni chakula cha moto, na katika mji wenye nyumba zilizobanana hakuna anayezitaka tena. Bati tupu la saa nane linageuza baraza kuwa tanuri. Dawa yake ni matete yaliyofumwa na kufungwa chini ya bati, kiganja kimoja au viwili kutoka bati lenyewe, na pande zote ziachwe wazi ili hewa moto itoke. Ukiziba pande, umefungia joto ndani ya kofia.

Mwaka 2005, tarehe 5 Desemba, alasiri, dunia ilitetemeka chini ya ziwa kwa kipimo cha 6,8. Watu walikufa na nyumba zilianguka hapa Kalemie. Kuta za matofali mabichi zisizofungwa juu ndizo zilizokuwa hatari. Tangu hapo mafundi wenye akili wanafunga mbao za paa la baraza kwa paa la nyumba na kwa nguzo, vipande vitatu vishikane, badala ya kuegemeza baraza ukutani kama ngazi.

Turudi kwenye mbele na nyuma. Baraza ya mbele inajulikana: mahari inajadiliwa pale, wazee wanapatanisha pale, na mtu akifa, kilio kinakaa pale. Baraza ya nyuma haijapata mwandishi. Na pale ndipo uchumi wa mji huu ulipokaa siku kiwanda kilipofungwa na mishahara ilipokatika. Mbabula, sinia la ndagala, mashine ya kushona, unga unaopimwa kwa kikombe: watoto wengi waliofika darasani kwetu walilipiwa masomo na baraza ya nyuma. Pale pia mabinti walifundishwa mambo ambayo hayasemwi mbele, na wakwe walipatana bila wanaume kujua kwamba waligombana.

Juu ya nini basi zinapotea? Vita vilifanya kazi yake. Baada ya 1964, na tena baada ya 1998, watu waliona kwamba fasi wazi mbele ya nyumba ni fasi ya kuonekana, na hawakutaka kuonekana. Wakaweka chuma, halafu ukuta. Halafu lupango moja likagawanywa kati ya ndugu watatu, na baraza ikawa chumba cha kijana aliyeoa, au duka dogo. Hatuwalaumu. Mtu mwenye watoto saba na vyumba viwili hawezi kuambiwa alinde mila kwa kuwalaza nje. Tunachokataa ni mwenye uwanja mpana na pesa, anayejenga nyumba kama sanduku, dirisha dogo la vioo, halafu anawasha jenereta ili apate upepo ambao ziwa linautoa bure. Kilio kikimfikia, watu wanakaa barabarani chini ya hema, na pikipiki zinapita kati ya waombolezaji.

Na sasa kuna ziwa lenyewe. Wazee wa zamani waliujua mchezo wake. Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876 waliikuta Lukuga, mto wa pekee unaotoa maji ya ziwa, imezibwa na matete na matope, na maji yalikuwa yanapanda. Hore na Thomson walipofika mwaka 1879 kizuizi kilikuwa kimevunjika na mto unakimbia kwa nguvu. Ziwa likashuka kwa miaka. Watu wakajenga kwenye nchi iliyoachwa na maji. Mwaka 2021, na zaidi mwaka 2024, maji yalirudi kuichukua. Uvira, Bujumbura, Kalemie, hadithi ilikuwa moja: mawimbi ndani ya nyumba, ukuta wa udongo unayeyuka kutoka chini. Nusu mita ya sakafu haizuii ziwa, tusidanganyane. Inazuia mvua na mafuriko ya mtaro tu. Kwa nyumba za ufukweni jibu ni kuhama.

Wengi wamehama, kuelekea vilimani, na tumewatembelea baadhi yao. Mpangilio wao wa kujenga ulitushangaza. Matofali mabichi yanataka jua na siku nyingi, na pesa ya kuta haipatikani kwa mara moja. Kwa hiyo wanasimamisha kwanza nguzo na paa, wanainua sakafu ya mawe, wanatundika mikeka upande wa jua. Mbabula inawekwa upande wa nyuma, viti upande wa mbele. Familia inaishi hapo kwa miezi, inapokea wageni, inapika, wakati matofali yanakauka kando na fasi ya vyumba imechorwa tu chini kwa kamba.